Moyo wa Nyangumi Aliyepwelewa

Wasomaji wetu wakaao pwani wanajua jinsi chombo kinavyopwelewa. Maji yakipwa, chombo hulala ubavu juu ya mchanga, na baharia hungoja yajae, kisha huondoka salama. Lakini apwelewapo nyangumi, mambo huwa mengine. Maji hujaa, watu humsukuma, naye huelea akaenda zake. Na pengine baada ya hayo yote hufa. Je, amekufa kwa sababu gani?

Mwezi wa Februari 2017, nyangumi zaidi ya 400 walipwelewa Farewell Spit, ulimi mrefu wa mchanga ulioko New Zealand. Wengi walikutwa wamekwisha kufa. Mamia ya watu walikwenda kuwasaidia waliosalia: wakawamwagia maji, wakawafunika kwa nguo zilizolowana, wakangoja maji yajae. Hata hivyo, wengi wa wale waliorudishwa majini walipwelewa tena.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba nyangumi si samaki. Huvuta hewa kwa mapafu, damu yake ina joto kama yetu, na mtoto wake hunyonya. Baharini maji humbeba. Nchi kavu uzito wake mwenyewe huyalemea mapafu na kuiponda minofu. Mafuta yaliyo chini ya ngozi yake, yamkingayo na baridi ya baharini, humzuia kupoa juani. Tena minofu iliyopondeka humwaga katika damu vitu vidhuruvyo mafigo.

Liko na jambo jingine lisiloonekana kwa macho, nalo ni hofu. Kiumbe aogopapo, tezi zilizo juu ya mafigo humimina katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Kwa muda mfupi kina manufaa: moyo hupiga upesi, na mwili hupata nguvu za kukimbia au kupigana. Lakini nyangumi aliyelala mchangani hawezi kukimbia wala kupigana, na hofu yake haina mwisho. Mishipa midogo ya moyo hujikaza, damu ikapungua. Kalsiamu huingia kupita kiasi katika nyuzi za moyo, nazo hujikunja zisiweze kulegea, na mwisho hufa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Las Palmas, katika Visiwa vya Kanari vya Uhispania, walichunguza kwa hadubini mioyo ya nyangumi na pomboo waliopwelewa huko, wakayaona madhara hayo.

Na sisi wanadamu hatuko mbali na jambo hili. Mwaka 1990 madaktari wa Kijapani walieleza ugonjwa wa moyo umpatao mtu, hasa mwanamke mwenye umri mkubwa, baada ya msiba au fadhaa kuu. Moyo hutuna upande wa chini kama mtungi, kwa hiyo wakauita takotsubo, yaani mtungi wa kutegea pweza. Wengi hupona, lakini wako wanaokufa. Basi asemaye kwamba majonzi huumiza moyo hasemi kwa mfano tu.

Katika habari hii limo fundisho kwa kila mwenye huruma. Asikiapo kwamba nyangumi yuko ufuoni, mtu mwema huenda mbio, na umati humfuata. Mmoja humvuta mkia, mwingine hupiga kelele, watoto humzunguka wakimshika. Wote wataka kumsaidia, nao wamzidishia hofu imwuayo. Yafaa waitwe upesi wenye ujuzi. Wabaki watu wachache, nao wanyamaze, mbwa waondolewe. Nyangumi atiwe kivuli na afunikwe kwa nguo iliyolowana, lakini tundu la pua lililo juu ya kichwa lisizibwe wala lisimwagiwe maji. Asivutwe mkia wala mapezi.

Pengine atakufa hata hivyo, maana jeraha la moyo halionekani kwa nje. Lakini tangu saa ile ya kwanza ufuoni, ukimya wetu ni sehemu ya dawa yake.