Trekta Lililozidiwa na Mzigo

Bila shaka umewahi kuona trekta likilima shamba au likivuta tela. Baadhi ya matrekta hufungwa mikono miwili ya chuma upande wa mbele, na mwishoni mwa mikono hiyo huwekwa ndoo kubwa. Kwa ndoo hiyo dereva huchota mchanga au samadi na kupakia katika lori.

Mikono hiyo huinuliwa kwa nguvu ya mafuta. Injini huendesha pampu. Pampu husukuma mafuta ndani ya silinda. Mafuta hayo husukuma pistoni, nayo pistoni huinua mikono. Nguvu hiyo ni kubwa sana. Mara nyingi huweza kuinua mzigo ambao trekta lenyewe haliwezi kuuhimili. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Jaribio

Vifaa: rula, penseli na sarafu sita zinazofanana.

Laza penseli mezani. Weka rula juu yake mpaka ilingane pande zote mbili. Weka sarafu nne upande mmoja, sentimita 5 kutoka kwenye penseli. Sasa weka sarafu mbili upande wa pili, sentimita 10 kutoka kwenye penseli. Rula italingana tena. Zisogeze sarafu mbili mbali zaidi. Utaona kwamba sarafu mbili zinaziinua zile nne!

Rula yako ni nyenzo, na penseli ni egemeo lake. Mzigo ulio mbali na egemeo huwa na nguvu zaidi ya kupindua.

Trekta nalo ni nyenzo

Magurudumu ya mbele ya trekta ni egemeo. Ndoo iko upande mmoja, na uzito wa trekta uko upande wa pili. Tuseme ndoo iko mita 1.5 mbele ya magurudumu ya mbele, na magurudumu ya nyuma yako mita 2 kutoka kwenye magurudumu ya mbele. Ndoo ikibeba kilo 500, uzito unaopungua kwenye magurudumu ya nyuma ni:

500 × 1.5 ÷ 2 = kilo 375

Kama magurudumu ya nyuma yalikuwa yamebeba kilo 1200, sasa yatabaki na kilo 825. Magurudumu ya mbele yataongezewa 500 + 375, yaani kilo 875. Mzigo ukifika kilo 1600, magurudumu ya nyuma hayatabaki na uzito wowote. Ukizidi hapo, trekta litainua mgongo wake kama punda anayerusha mateke.

Hata kabla ya kuinuka, trekta huwa limekwisha kuharibikiwa. Usukani huwa mzito, na matairi ya mbele hubonyea. Aidha, breki za matrekta mengi hushika magurudumu ya nyuma tu. Magurudumu hayo yakikosa uzito hayashiki ardhi. Kwa hiyo, trekta likiteremka mlima dereva hukanyaga breki bila mafanikio.

Hatari huongezeka ndoo ikiinuliwa juu sana. Kitovu cha uzito wa trekta nacho hupanda juu. Gurudumu moja likiingia shimoni, trekta huweza kupinduka ubavu na kumwangukia dereva. Madereva wengi wamekufa kwa kupinduliwa na matrekta.

Dereva mwangalifu

Dereva mwangalifu hupima mzigo kabla ya kuuinua. Hufunga kitu kizito nyuma ya trekta ili kulinganisha uzito, kama ulivyolinganisha sarafu. Anaposafiri hushusha ndoo karibu na ardhi, na huenda polepole. Hufunga mkanda iwapo trekta lina fremu ya chuma ya kumkinga. Hamruhusu mtu yeyote kupita chini ya ndoo. Akihisi magurudumu ya nyuma yanaanza kuinuka, huishusha ndoo chini taratibu.

Maswali

1. Egemeo la trekta linaloinua mzigo kwa mbele ni nini?
2. Ndoo ya trekta tulilolitaja ikibeba kilo 800, magurudumu ya nyuma yatabaki na kilo ngapi?
3. Kwa nini dereva hufunga kitu kizito nyuma na si mbele?
4. Eleza kwa nini si vizuri kusafiri huku ndoo imeinuliwa juu.