Mchambuzi wa Sera ya Nishati Safi ya Kupikia na Kipimo cha Mafanikio: Mfano wa Temeke

Makala haya yanafafanua kazi ya mchambuzi wa sera ya mpito wa nishati nchini Tanzania kwa kurejelea Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba thamani ya kazi hiyo hutegemea kipimo ambacho mchambuzi hukitumia kuamua kama sera imefaulu.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Miongoni mwa hatua za utekelezaji ni usambazaji wa mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Idadi ya mitungi iliyosambazwa huhesabika kwa urahisi. Hata hivyo, haionyeshi iwapo kaya ilirudi kujaza mtungi ulipokwisha.

Katika maeneo kama Mbagala na Tandika, pengo hilo hutokana na namna ya ununuzi. Mkaa huuzwa kwa fungu au kopo, hivyo mwenye kipato cha kutwa hununua wa kupikia siku hiyo. Gesi hujazwa mtungi mzima na kulipiwa kwa mkupuo. Kwa hiyo, hata pale ambapo gharama ya mkaa kwa mwezi inazidi ya gesi, kaya inaweza kubaki kwenye mkaa. Aidha, gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay ni methani kwa sehemu kubwa, ilhali gesi ya mitungi huagizwa kutoka nje. Wingi wa ile ya kwanza haushushi bei ya ya pili.

Marufuku pekee haitoshi: ile ya mkaa ya mwaka 2006 iliondolewa muda mfupi baada ya kutangazwa. Suluhisho lililokaribia tatizo ni mita ya kulipia gesi kidogo kidogo, iliyoendelezwa na KopaGas jijini Dar es Salaam.

Kwa mantiki hiyo, mchambuzi anahitaji kujua uchumi wa kaya sambamba na sayansi ya tabianchi. Inapendekezwa kwamba mafanikio yapimwe kwa idadi ya kaya zinazoendelea kujaza mitungi. Bila kipimo hicho, ruzuku inaweza kuripotiwa kuwa imefaulu huku misitu ikiendelea kukatwa na wapishi wakiendelea kuvuta moshi.