Mto Kombeni na Udongo wa Shamba Lako

Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Mtu akitembea tangu Kilindini mpaka Mji wa Kale, na tangu Tononoka mpaka kivuko cha Likoni, hataona kijito hata kimoja, kwa sababu chini ni mawe ya matumbawe, na mvua inyeshayo juu yake huzama upesi. Lakini kisiwa chenyewe kisingekuwako kama si kazi ya mito.

Ukitoka Tononoka ukaelekea kaskazini, baada ya mwendo mfupi tu utafika ukingoni mwa maji mapana ya Tudor. Wageni wengi huyaona maji hayo wakadhani ni bahari tu. Ni bahari kweli, ila imelala ndani ya bonde la mto. Mto huo ndio Kombeni, pamoja na mwenzake mdogo uitwao Tsalu, nayo yote miwili huanzia upande wa Mariakani, zaidi ya kilomita 30 kutoka Mombasa.

Wako wasomaji wa gazeti hili ambao mashamba yao ya skimu yako mbali na Kombeni, kama vile Shimba Hills, Mtwapa au Ngerenya. Nao wasipite ukurasa huu upesi. Mito midogo ya Pwani ni ya ukoo mmoja: huanza katika vilima vya karibu, hukauka au kupungua sana wakati wa kiangazi, hufurika kwa siku chache wakati wa masika, na huishia katika mikoko. Aujuaye mmoja huwa ameijua mingine nusu.

BONDE LILILOZAMA

Yapata miaka 20,000 iliyopita sehemu kubwa ya maji ya dunia ilikuwa imeganda kuwa barafu, hasa katika nchi za kaskazini na za kusini kabisa, na bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita 120 hivi. Siku zile mito yetu haikukoma pale inapokoma sasa. Iliteremka kwa nguvu mpaka kwenye ufuo wa wakati ule, ikakata mabonde marefu katika mawe ya matumbawe. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda, ikayajaza mabonde yale. Bonde la Kombeni likawa hori la Tudor. Bonde la Mwache na wenzake, upande wa pili, likawa hori la Port Reitz. Kipande cha nchi kilichobaki katikati ndicho kisiwa cha Mombasa. Nahodha aingizaye jahazi Bandari ya Kale, chini ya Ngome ya Yesu, hupita juu ya njia iliyochimbwa na mto, ingawa yeye asema yu baharini.

MTO UNAPITA WAPI

Mariakani ni mahali pa juu kidogo, yapata mita 200 juu ya bahari. Mawe yake ni ya mchanga ulioshikamana, ya zamani sana kuliko matumbawe ya pwani. Ukishuka kuelekea baharini utakuta mawe ya Mazeras, nayo pia ni ya mchanga, na watu wengi wanayajua kwa sababu huchongwa vibao vya kutandika sakafuni na barazani. Mawe haya yanapooza hutoa udongo wa mchanga, mwepisi, rahisi kulima, na mwepesi vile vile kuchukuliwa na maji. Wakulima wa minazi na mihogo wanaujua udongo huu: mwaka wa kwanza hutoa vizuri, mwaka wa tano hulalamika.

Hapo mto hupita katika vilima vya Rabai. Juu ya vilima hivyo bado kuna misitu ya kaya, ambayo wazee wa Kirabai waliilinda kwa miiko tangu zamani, na ambayo mwaka 2008 iliandikwa pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Mimi husema kwamba kaya ni shule ya kilimo bila mwalimu. Ingia ukingoni mwake siku ya mvua kubwa, kwa idhini ya wazee, utazame: matone huanguka juu ya majani, kisha juu ya majani makavu, kisha huingia ardhini polepole. Maji yatokayo chini ya msitu ni machache, tena meupe. Vuka uende katika shamba lililolimwa wazi kwenye mteremko kama ule ule, utaona maji mekundu yakikimbia.

Chini ya Rabai, kuelekea Jomvu na Mikindani, mawe hubadilika tena. Hapa ni mawe laini ya tope la kale, yaliyolala sahani juu ya sahani. Udongo wake ni mzito, hupasuka wakati wa kiangazi na kunata jembeni wakati wa mvua. Kisha mto hugawanyika katika mikono ya tope, mikoko huanza, na maji ya chumvi hupanda na kushuka mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua bahari hupanda zaidi ya mita 3, hivi kwamba mahali ulipopita asubuhi kwa miguu, adhuhuri huenda pakataka mtumbwi. Kwa njia hii ya maji watu wa Rabai na wa Mombasa walifanya biashara siku nyingi, na kwa njia hiyo Johann Ludwig Krapf alikwenda Rabai kuanzisha misheni yake mwaka 1846.

Nchi yote inayoleta maji yake katika mto Kombeni ni kilomita za mraba 450 hivi, na ya Tsalu ni 100. Kila shamba lililo ndani ya eneo hilo, hata kama mwenyewe hajapata kuuona mto, ni shamba la mto Kombeni.

HESABU YA MVUA MOJA

Tufanye hesabu kama ya darasani. Mvua ya milimita 25 si mvua ya ajabu katika mwezi wa Mei. Hunyesha jioni moja ikaisha. Katika ekari moja mvua hiyo ni lita 101,000, yaani zaidi ya madebe 5,000. Mwenye ekari 12 amepokea madebe 60,000 kabla ya chakula cha usiku. Swali ni moja tu: maji hayo yameingia ardhini au yamekwenda zake?

Yakienda zake, hayaendi mikono mitupu. Tuseme yameondoa udongo wa juu wenye unene wa milimita 1, ambao ni mwembamba kuliko sarafu ya shilingi moja. Hakuna mkulima atakayeona kwa macho kwamba shamba lake limepungua. Lakini katika ekari 12 milimita hiyo ni tani 60 na zaidi, na lori la kubeba tani 7 lingehitaji safari 9 kuzichukua. Mtu akija na lori kukuibia udongo safari 9 ungepiga yowe. Mto haupigi honi.

Tena kinachoondoka kwanza ni kile cha juu, chenye mbolea ya samadi na majani yaliyooza. Changarawe hubaki. Ndiyo sababu mkulima husema, “Shamba hili limechoka,” kumbe halikuchoka, limehama.

Asiyeamini na afanye jaribio hili. Achukue chupa nyeupe, ateke maji ya mfereji ulio chini ya shamba lake wakati mvua inanyesha, aiweke juu ya meza usiku mmoja bila kuitikisa. Asubuhi ataona tope limetua chini kwa tabaka: mchanga kwanza, kisha udongo laini juu yake. Afanye hivyo hivyo kwa maji yatokayo katika majani au kichakani, kisha alinganishe chupa mbili.

UDONGO UKIFIKA KWENYE MIKOKO

Mikoko ya Tudor si mti wa namna moja. Mbele kabisa, mahali panapofunikwa na maji kwa saa nyingi, husimama milalana. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya buibui, pamoja na muia. Kisha mkandaa, na huko nyuma, mahali pakavu penye chumvi, mchu. Mkomafi huota hapa na pale. Wajenzi wanaijua kwa ukubwa wa miti yake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Misitu hii iliwekwa chini ya ulinzi wa Serikali tangu mwaka 1932, na hata leo haikatwi bila ruhusa ya idara ya misitu.

Mikoko huhitaji mto. Maji ya mvua huipunguzia ukali wa chumvi, na tope jembamba huilisha. Majani yake huanguka, kaa huyavuta shimoni, huoza, na katika uozo huo vitoto vya kamba na samaki hupata chakula, tena hupata maficho kati ya mizizi. Mvuvi wa Mji wa Kale anayevua nje ya mlango wa bahari huvua samaki ambao wengi wao walilelewa katika matope kama haya.

Lakini tope likizidi huua. Mchu na mlilana hupumua kwa vijizizi vilivyosimama juu ya tope kama penseli. Mafuriko yakileta mchanga mwingi kwa mara moja, vijizizi hufunikwa na mti hukosa hewa. Wakati wa mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 jambo hilo lilionekana katika mikoko ya Mwache: mchanga ulioshuka kutoka bara uliifukia mizizi, na miti mingi ikafa ikiwa imesimama. Mwache na Kombeni ni majirani, na mashamba yao yanafanana.

Najua wakulima watauliza, “Na uchafu wa mjini je?” Wana haki kuuliza. Maji machafu ya mitaa huingia katika hori la Tudor kila siku, na hilo ni deni la watu wa mjini. Iko pia kazi iliyofanywa: pale Makupa, ambapo boma la mawe lilizuia maji ya Tudor na ya Port Reitz yasichanganyike, madaraja yalifunguliwa mwaka 2022 ili maji yapite tena chini. Lakini uchafu wa mjini haupandi mlima mpaka Rabai. Udongo uliopotea ni hasara ya mwenye shamba kabla haujawa hasara ya mvuvi.

MTO WAKATI WA KIANGAZI

Januari na Februari Kombeni haukimbii. Hubaki vidimbwi, na kati yake mchanga mkavu. Hata hivyo akina mama huchimba mchanga huo wakapata maji, kwa kuwa mchanga ni ghala: hushika maji katikati ya chembe zake na kuyakinga na jua. Anayeuza mchanga wa mtoni kwa malori anauza kisima cha jirani zake. Visima vilivyo karibu na hori navyo vitekwe kwa kiasi. Maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi. Yakitolewa kwa pampu kupita kiasi, chumvi hupanda, na haishuki kwa haraka.

Vidimbwi vina hatari yake pia. Konokono waletao kichocho hukaa katika maji matamu yaliyotulia, na dimbwi likikauka wengine hujificha katika tope mpaka mvua irudi. Watoto wasiogee humo, wala mtu asikojoe humo. Mtoto anayekojoa damu apelekwe zahanati, dawa ipo.

UKINGO NA MTEREMKO

Kanuni za kilimo za mwaka 1965 zilikataza kulima kando ya mto katika ukanda ulio sawa na upana wa mto huo, tangu mita 2 mpaka mita 30, na zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Kanuni za maji za mwaka 2007 zikaongeza ukanda huo usipungue mita 6. Wako wanaouona ukanda huo kuwa ardhi iliyopotea bure. Si hivyo. Uacheni mikuyu, mikindu na matete. Mabingobingo yakipandwa juu yake, nje ya ukanda, hulisha ng'ombe mwaka mzima.

Juu ya mteremko pimeni kontua. Hakuna haja ya mashine. Fungeni miti miwili ya mita 2 kwa juu, na wa tatu katikati, mfano wa herufi A. Kutoka kileleni ning'inizeni uzi wenye jiwe. Simamisheni fremu, mtie alama pale uzi unapogusa mti wa katikati. Kisha geuzeni, kila mguu ukanyage pale pale alipokanyaga mwenzake, mtie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo mahali pa usawa. Tembezeni fremu shambani, kila uzi ukitua katikati pigeni kigingi.

Penye udongo mzito chimbeni mfereji wa sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, na udongo wake utupwe upande wa juu, ndiyo maana kazi hii huitwa fanya juu. Acheni sentimita 30 kati ya mfereji na tuta, la sivyo udongo utarudi ulikotoka. Katika mchanga wa Mazeras mfereji hubomoka. Huko ukanda wa majani kwa kufuata vigingi ni bora zaidi. Kazi ifanywe Februari na Machi, ardhi ingali kavu. Na mfereji wa kwanza uwe ule ulio juu kabisa ya shamba. Anayeanza na wa chini humwagiwa maji ya shamba zima katika mvua ya kwanza, na mfereji wake huvunjika kabla hajapata nafasi ya kuchimba wa pili.