Mtafiti naye ni fundi: afundishwe zana zake

Seremala hakabidhiwi randa na msumeno siku ya kwanza akaachwa peke yake na mbao za watu. Hukaa kwanza chini ya fundi, akaonyeshwa kupima kabla ya kukata na kuhakiki pembe kabla ya kupigilia msumari. Lakini mtafiti wa leo, ambaye kazi yake haiendi pasipo kompyuta, mara nyingi huachwa ajitafutie mwenyewe njia ya kuitumia. Sisi tunaona kwamba jambo hili halifai kupuuzwa.

Hatari yake si ya kubuni. Mwaka 2006 Geoffrey Chang, mtaalamu wa maumbo ya protini nchini Marekani, alilazimika kufuta makala matano ya kisayansi, na matatu kati ya hayo yalikuwa yamechapishwa katika jarida mashuhuri la Science. Hakuwa amedanganya. Programu iliyotumiwa katika maabara yake ilibadilishana nafasi za safu mbili za tarakimu, na umbo lililotafutwa likatokea limegeuzwa kama sura katika kioo. Kosa lilikuwa dogo, lakini kazi ya miaka ikaanguka.

Huko Uingereza, mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2020, majibu 15,841 ya watu waliopatikana na virusi vya Korona hayakuingia katika hesabu kwa wakati wake. Faili za aina ya zamani za Excel haziwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536, na yaliyozidi hapo yaliachwa nje. Watu waliokuwa wamekutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa na kuonywa. Hapo kosa halikubaki katika karatasi. Lilifika majumbani mwa watu.

Je, dawa ni nini? Mwaka 1998 Greg Wilson na Brent Gorda walianzisha mafunzo mafupi kwa wanasayansi wa maabara ya Los Alamos, Marekani, wakayaita Software Carpentry, yaani useremala wa programu. Siku hizi mafunzo hayo yamo chini ya jumuiya ya The Carpentries, iliyoundwa mwaka 2018, na masomo yake yako wazi kwa kila atakaye kuyatumia.

Kwa kawaida mafunzo huchukua siku mbili. Nia yake si kumgeuza mwanabiolojia awe mhandisi wa kompyuta. Anafundishwa kuiamuru kompyuta irudie kazi ambayo angeifanya kwa mkono mara mia. Anafundishwa kuandika programu fupi kwa lugha ya Python au R, akiigawa katika vipande vidogo vinavyoweza kupimwa kimoja kimoja. Na anafundishwa kutumia Git, ambayo ni kama daftari linaloonyesha nani alibadilisha nini na lini. Mwalimu huandika programu mbele ya darasa, na akikosea, wote huona jinsi kosa linavyotafutwa na kusahihishwa. Mwanafunzi naye hubandika kikaratasi cha rangi moja akimaliza zoezi, na cha rangi nyingine akikwama, ili asaidiwe pasipo kuona haya.

Wako watakaosema kwamba siku mbili hazitoshi. Ni kweli, hazitoshi. Lakini hazikukusudiwa kuwa safari nzima. Ni mlango wa kuingilia. Anayetoka hapo anajua angalau kwamba programu ni kitu cha kutiliwa shaka na kupimwa, kama kipimo kingine chochote cha maabara.

Jambo hili linatuhusu. Matokeo ya utafiti wa mbegu, wa malaria na wa samaki huishia mikononi mwa wananchi. Mkulima anayeshauriwa apande mbegu fulani hawezi kuikagua programu iliyokokotoa mavuno yake. Yeye hutoa jasho lake na shamba lake kwa kuamini. Imani hiyo ni amana, na amana haichezewi.

Kwa hiyo tunavisihi vyuo vikuu na taasisi za utafiti mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi wa shahada ya juu apate mafunzo ya namna hii kabla hajaanza kukusanya takwimu, wala si baada ya kukwama. Pili, gharama yake itengwe katika bajeti ya utafiti kama zinavyotengwa za dawa za maabara na za usafiri. Tatu, programu iliyozaa matokeo isomwe na macho ya mtu wa pili kabla matokeo hayajatangazwa.

Hayo hayahitaji majumba mapya wala mitambo ya thamani kubwa. Yanahitaji siku chache, mwalimu mwenye subira, na wakuu wa idara walio tayari kuwaruhusu vijana wao wahudhurie. Wahenga walikwisha kutuasa: usipoziba ufa utajenga ukuta.