Gitaa Linalopigwa kwa Magoti

Anayesikiliza nyimbo za kantri za Marekani redioni ameshaisikia sauti hii, hata kama chombo chenyewe hajawahi kukiona: noti moja imetulia, ya pembeni yake inapanda polepole kama kilio cha mtu mwenye staha, kisha zote mbili zinapatana. Hilo ni gitaa la pedeli. Halipakatwi. Limesimama kwa miguu yake kama meza nyembamba, na mpigaji ameketi nyuma yake. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi 10, wa kulia unadonoa. Chini ya meza kuna pedeli kadhaa za mguu wa kushoto, pedeli moja ya kuongeza na kupunguza sauti kwa mguu wa kulia, na nyenzo zinazoning'inia kando ya magoti. Anayeliona kwa mara ya kwanza hushangazwa na wingi wa vyuma. Nadhani anashangazwa na jambo dogo. Gitaa hili limepata ulimi wake kutokana na mahali kila pedeli na kila wenzo ulipowekwa, na mahali hapo pameamuliwa na kile ambacho mguu mmoja unaweza kukifanya kwa wakati mmoja.

Tuanze na tatizo lililozizaa pedeli. Mtindo wa kuteleza chuma juu ya nyuzi ulitoka Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na sifa ya kuuanzisha hupewa Joseph Kekuku. Ni mtindo mtamu, ila una ufungwa wake: chuma kimenyooka. Ukikisogeza, nyuzi zote hupanda au hushuka kwa kiasi kilekile, kwa hiyo kodi (noti zinazopigwa pamoja, si ile ya serikali) hubaki na umbo lilelile popote uendapo. Wapigaji walijaribu kuupinda mkono ili chuma kikae mshazari, na mafundi wakaunda magitaa yenye shingo mbili, tatu, hata nne, kila moja imetyuniwa kivyake. Pedeli za mwanzo zilikuja kama njia fupi ya kuepa mizigo hiyo: unakanyaga, nyuzi zinabadilika, ndipo unapiga. Wapenzi wa taarab wanaweza kufikiria kanuni. Mpiga kanuni hugeuza vibati vidogo vilivyo pembeni mwa nyuzi ili apate noti anayoitaka, na kibati hukaa alikokiacha. Pedeli haina subira hiyo. Mguu ukiondoka, uzi unarudi ulikotoka.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyokuja kuwa hazina. Mwaka 1954 wimbo wa Webb Pierce uitwao "Slowly" ulivuma sana Marekani, na ndani yake Bud Isaacs alikanyaga pedeli huku nyuzi zikiendelea kulia. Msikilizaji akasikia kodi ikigeuka kuwa nyingine masikioni mwake, noti mbili zikipanda na nyingine ikibaki palepale, jambo ambalo chuma kilichonyooka hakiwezi kulifanya peke yake. Wapiga gitaa wa Nashville walikimbilia kwa mafundi wakitaka pedeli kama ile.

Lakini pedeli ya Isaacs ilikuwa moja, na ilipandisha noti mbili kwa pamoja. Hatua kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile waliyoichukua wapigaji Buddy Emmons na Jimmy Day baadaye: waliigawa kazi hiyo katika pedeli mbili. Katika namna ya kutyuni inayoitwa E9, ambayo ndiyo imetawala hadi leo, pedeli A hupandisha nyuzi za B toni nzima hadi C shapu, na pedeli B hupandisha nyuzi za G shapu nusu toni hadi A. Sasa mpigaji angeweza kuiinua noti moja, akaisubirisha, kisha akaileta ya pili. Na hakupoteza alichokuwa nacho Isaacs, kwa sababu pedeli hizo mbili zimekaa bega kwa bega: wayo mmoja unazifunika zote, na kifundo cha mguu kikiviringika kidogo kinaiachia moja na kuibakiza nyingine. Zingetenganishwa na pedeli ya tatu katikati, uvumbuzi huo usingekuwa na faida kubwa.

Nyenzo za magoti zinatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Chukua kodi ya G. Bila kukanyaga chochote, inapatikana chuma kikiwa kwenye mstari wa 3 wa shingo. Ukikanyaga A na B pamoja, inapatikana kwenye mstari wa 10. Kati ya 3 na 10 ni safari ndefu kwa mkono unaoteleza. Upo wenzo mmoja unaopandisha nyuzi za E nusu toni; ukiusukuma huku umekanyaga pedeli A peke yake, G inapatikana kwenye mstari wa 6, na safari inakatwa vipande viwili. Kwa hiyo wenzo huo na pedeli A ni lazima vifikiwe na mguu mmoja kwa pamoja. Hapo ndipo njia za Emmons na Day zinapoachana. Emmons alizipanga pedeli A, B na ya tatu, C, kutoka kushoto kwenda kulia. Day akazigeuza, C, B, A. Kwa Emmons, kuikanyaga A peke yake ni kuuelekeza mguu kushoto, na goti hufuata, hivyo wenzo wa kuipandisha E huwekwa kushoto mwa goti. Kwa Day mguu huelekea kulia, na wenzo uleule huhamia kulia.

Wapo wasemao kwamba hayo ni mazoea tu, na kwamba mtu hupenda alichofundishwa. Mazoea yapo, sikatai. Lakini kama yangekuwa mazoea matupu, ingewezekana kuchukua pedeli za Emmons na nyenzo za Day bila hasara yoyote. Jaribu kuuelekeza unyayo kushoto huku goti likisukuma kulia: inawezekana, ila kwa kujikunja, na si jambo la kufanywa mara mia katika wimbo mmoja. Mipango yote miwili ni sahihi kwa sababu kila mmoja unapatana na mguu wake wenyewe. Kuna akili nyingine hapo. Magitaa mengi huweka wenzo wa kuipandisha E na ule wa kuishusha kwenye pande mbili za goti lilelile. Goti haliwezi kwenda kushoto na kulia kwa wakati mmoja, wala hakuna anayetaka uzi mmoja upande na kushuka kwa pamoja. Kizuizi cha mwili kimegeuzwa mlinzi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: kama mwili ndio unaotawala, mbona kila mpigaji ana jedwali lake la pedeli na nyenzo? Wenyewe huliita kopedenti, neno lililoungwa kutokana na kodi, pedeli na mpangilio, na majedwali hayo yanatofautiana kweli. Isitoshe, wapigaji wa jazi hutumia shingo ya pili, C6, yenye pedeli zake, na nchini Nigeria King Sunny Adé alilitia gitaa hili katika muziki wa juju, mbali kabisa na kantri. Lakini tazama kinachobadilika na kisichobadilika. Katika E9, pedeli A na B karibu hazigusiki, na utofauti mwingi uko kwenye nyenzo, pale ambapo mguu hauna shuruti kali. Kuhusu hamu ya kuongeza nyenzo bila kikomo, vyuma vyenyewe vinajibu. Kila pedeli huvuta fimbo, fimbo huvuta kidole cha chuma ambacho uzi umelala juu yake, na mvuto huo hulipinda bao la gitaa kidogo sana, kiasi cha kuzifanya nyuzi ambazo hazikuguswa zishuke kwa unywele. Na hata bao lingekuwa la jiwe, viungo vinahesabika: goti la kushoto linaweza kwenda kushoto, kulia na juu, la kulia huenda pande mbili tu, kwa kuwa unyayo wake umeshikwa na pedeli ya sauti. Mahali ni patano, na nyenzo tano ndizo zinazoonekana kwenye magitaa mengi. Ule wa kusukumwa kwenda juu ndio unaochosha zaidi, kwa maana kisigino kinanyanyuka na pedeli huponyoka kirahisi. Kwa hiyo mara nyingi hupewa kazi ya kuzishusha nyuzi za B nusu toni, badiliko ambalo wimbo unaweza kwisha bila kulihitaji.