Kusawazisha Si Kuweka Akiba



Siku hizi wengi wetu tumeacha madaftari ya karatasi. Hesabu ya pishi za wachumaji, stakabadhi za mizani, orodha ya mikarafuu ya kila shamba, hata picha za hati zetu, vyote tumevitia katika simu, na simu nazo huvipeleka katika hilo liitwalo "wingu." Jambo hili ni jema wala hatulipingi. Lakini limezuka kosa moja la fahamu, nalo limekwisha kututia hasarani, hata tumeona ni wajibu wetu kulieleza kwa urefu. Kosa lenyewe ni kudhani kuwa faili likionekana katika simu mbili au tatu, basi limekwisha wekewa akiba. Sivyo hata kidogo.

Yaliyotupata

Msimu uliopita karani wa tawi letu moja aliweka daftari la wachumaji katika wingu. Kila pishi iliyopimwa iliandikwa, na kila fedha iliyotangulizwa iliandikwa. Daftari hilo lilionekana katika simu ya karani, katika simu ya mpimaji na katika kompyuta ya ofisi. Sote tulifurahi, tukasema sasa tuna madaftari matatu.

Msimu ulipokwisha simu ya mpimaji ilijaa, na kijana mmoja akamsaidia kuipunguzia mzigo. Akaona faili kubwa ambalo halikufunguliwa kwa siku nyingi, akalifuta. Hakuwa na nia mbaya. Alijua kuwa lipo katika kompyuta ya ofisi. Asilolijua ni kwamba muda si mrefu baadaye lilifutika katika kompyuta pia, na katika simu ya karani. Hapana aliyetambua mpaka siku ya kulipa mabaki ya wachumaji, nazo zilikwisha kupita siku arubaini na zaidi.

Wachumaji walikuja, nasi hatukuwa na hesabu ya kuwaonyesha. Wapo waliotoka mbali, na fedha ile ndiyo waliyoitegemea kwa ada za skuli za watoto wao. Bi Mkubwa mmoja akafungua upindo wa kanga yake akatoa uzi wa ukindu wenye mafundo, kila fundo pishi kumi. Yeye tulimlipa kwa ushahidi wake. Wengine tuliwalipa kwa kauli zao, na Chama kikabeba tofauti. Twasema wazi kuwa haya yalikuwa ni makosa yetu ofisini, wala si ya wachumaji, wala si ya yule kijana.

Namna kusawazisha kunavyofanya kazi

Wingu si kitu cha angani. Ni kompyuta kubwa za makampuni, zilizowekwa katika majengo ya nchi mbalimbali, ambazo simu zetu huzifikia kwa intaneti. Kazi inayofanyika baina ya simu na kompyuta hizo huitwa kusawazisha, na jina hili lafaa sana likifikiriwa vizuri.

Chukua mapipa mawili ya maji, uyaunganishe chini kwa mpira. Ukitia maji katika moja, yatapanda katika yote mawili mpaka yawe sawa. Ukitoboa moja je? Yatashuka katika yote mawili, kwa usawa ule ule. Mpira haujui kama maji yanatoka kwa haja au yanamwagika. Kazi yake ni kusawazisha tu. Ndivyo ilivyo kwa mafaili yetu. Ukiandika pishi mpya katika simu moja, itaonekana katika zote. Ukikosea tarakimu, kosa litaonekana katika zote. Na ukifuta, umefuta kote.

Sasa chota ndoo moja katika mapipa yale, uifunike, uiweke ndani ya nyumba. Mapipa yakivuja usiku kucha, ndoo haina habari. Ndoo hiyo ndiyo akiba. Na ule uzi wa ukindu wa Bi Mkubwa ulikuwa ni akiba ya kweli, kwani haukuunganishwa na simu ya mtu yeyote.

Hatusemi kuwa kusawazisha hakuna faida. Simu ikitumbukia kisimani au ikiibiwa, utanunua nyengine na mafaili yatarudi. Basi kusawazisha hukinga msiba wa chombo. Msiba wa mkono wa mtu hakuukingi, na kwa kweli huueneza.

Kapu la taka na siku thelathini

Yuko atakayeuliza: "Je, kilichofutwa hakirudi?" Hurudi, lakini kwa muda. Katika Google Drive faili lililofutwa hukaa katika kapu la taka siku 30, kisha huondoshwa moja kwa moja. Dropbox isiyolipiwa nayo hurudisha vitu kwa siku 30. Sisi tulitambua baada ya siku arubaini. Mkulima wa karafuu afikiri vizuri hapo: daftari la msimu huu huenda asilifungue tena mpaka msimu ujao, na siku thelathini si chochote mbele ya kipindi hicho.

Picha nazo zina mtego wake. Google Photos ina kazi iitwayo kuhifadhi nakala, na jina hilo huwapa watu imani. Lakini ukiifuta picha mle ndani ya programu hiyo, huondoka katika simu na katika wingu pamoja, na hukaa katika kapu siku 60 tu. Mwenye picha ya hati ya shamba lake asiitegemee hiyo peke yake.

Wezi wanaofunga mafaili

Upo na ubaya mwengine. Ziko programu za wezi zinazoingia katika kompyuta, zikayafunga mafaili kwa maandishi ya siri yasiyosomeka, kisha zikadai fedha ili yafunguliwe. Mwezi wa Mei 2017 programu moja ya namna hiyo, WannaCry, ilienea katika nchi zaidi ya 150, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Kwa mpira wetu wa kusawazisha, faili lililofungwa ni badiliko kama mabadiliko mengine, nao hulipeleka kotekote. Aliyekuwa na ndoo yake ndani huifuta kompyuta akaanza upya.

Akiba ya kweli ina sifa tatu

Kwanza, iwe imetengwa. Flashi iliyochomekwa katika kompyuta siku zote haikutengwa, kwani kinachoiharibu kompyuta huifikia na flashi. Ichomeke, nakili, ichomoe.

Pili, iwe mahali pengine. Hili sisi watu wa visiwa hatuhitaji kufundishwa. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na mikarafuu yake ndiyo iliyoibakisha biashara ya karafuu hai. Lau mikarafuu yote ingalikuwa kisiwa kimoja, tungalisema nini leo? Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kompyuta za kampuni ya OVHcloud katika mji wa Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja waliopoteza kila kitu, kwa sababu nakala zao za akiba zilikuwa pale pale penye mafaili yenyewe.

Tatu, iwe imejaribiwa. Tarehe 31 Januari 2017 mfanyakazi wa kampuni ya GitLab, ambayo huwahifadhia waandishi wa programu kazi zao, alifuta kwa bahati mbaya ghala kuu la habari badala ya ghala la pili. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuweka akiba. Walipozikimbilia wakaona kuwa nakala za kila siku hazikuwa zikifanyika, na hapana aliyejua. Kilichowaokoa ni nakala moja iliyochukuliwa kwa kazi nyengine saa sita kabla. Ikiwa mafundi wakubwa wamefikwa na haya, sisi ni nani tusifungue flashi yetu tukatazama kilichomo?

Mafundi wameyakusanya mambo haya katika kanuni iliyo nyepesi kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja katika hizo iwe mbali.

Ushauri wetu kwa kila mwanachama

1. Endelea kutumia wingu kwa kazi ya kila siku.

2. Kila Alkhamisi ya msimu, nakili daftari lako katika flashi. Usiandike juu ya nakala ya wiki iliyopita. Lipe kila faili tarehe yake. Kosa la leo huenda likatambuliwa baada ya mwezi, na hapo ile ya zamani ndiyo itakayokufaa.

3. Flashi ichomolewe, iwekwe katika kopo kavu lenye mfuniko, mbali na kompyuta. Flashi ya pili akae nayo ndugu unayemwamini, katika nyumba nyengine.

4. Msimu ukimalizika, piga chapa jumla ya kila mchumaji katika karatasi, naye apewe yake. Karatasi haijui kusawazisha, na hiyo ndiyo sifa yake.

5. Kila miezi mitatu fungua nakala moja katika kompyuta nyengine. Isipofunguka, huna akiba.

Wapo watakaosema kuwa kazi hii ni nyingi. Twawajibu kuwa haizidi muda wa kugeuza karafuu jamvini. Hapana mkulima aachaye karafuu uwanjani mvua ikitanda kwa kuwa amechoka, na hesabu ya karafuu hizo yastahiki tahadhari ile ile.

Kwa upande wetu, Halmashauri imekata shauri kuwa kuanzia msimu ujao nakala za matawi ya Pemba zitawekwa Unguja, na za Unguja zitawekwa Pemba. Kila mchumaji atapewa kikaratasi cha pishi zake jioni ile ile mbele ya mpimaji. Hatutaki tena aje mtu kudai haki yake, nasi tusiwe na cha kumwonyesha ila nyuso zetu.

Wassalaam.