Nani Alipie Mnara wa Mwisho? Utangulizi wa Uchumi wa Mawasiliano

Mkulima wa Mchombe, katika Bonde la Kilombero, anayenunua bando la shilingi 1,000 huwa ameshalipa wengi kabla simu yake haijaita. Chukua viwango vilivyotumika Tanzania Bara kwa miaka mingi: ushuru wa bidhaa asilimia 17, halafu VAT ya asilimia 18 inayotozwa juu ya huduma pamoja na ushuru huo. Piga hesabu. Kwenye elfu yake, shilingi 724 hivi ni za huduma, 123 ni za ushuru na 153 ni za VAT. Hata hizo 724 haziingii zote mfukoni mwa kampuni. Humo mna leseni na ada ya masafa, mchango wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, umeme au dizeli ya mnara, kamisheni ya muuza vocha, na malipo ya mtandao mwingine ikiwa aliyepigiwa yuko huko. Somo unaloliingia linaifuata elfu hiyo hatua kwa hatua, na kila inapokatwa linauliza: kiwango hiki kiliamuliwa na nani, na kwa hoja gani?

Karibu. Wengi huja wakiwa na swali ambalo tayari wamelichagulia jibu: serikali itoe huduma ya simu yenyewe, au iwaachie wenye mitaji? Kwa mdahalo wa sekondari linafaa sana. Kwa utafiti linapotosha, maana linaichukulia serikali kama mtu aliyesimama mlangoni akisubiri kukaribishwa ndani. Kwetu haijawahi kusimama mlangoni.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu lilivunjika nayo, na Tanzania ikaunda shirika lake. Hilo liliuza stempu, likavuta nyaya na kujisimamia lenyewe. Hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini nchi ilikuwa na laini chini ya moja kwa kila watu mia, na nyingi zilikuwa mijini. Katika Bonde la Kilombero mtu mwenye dharura alitegemea simu ya upepo ya misheni au hospitali, au alimpa barua abiria wa treni ya TAZARA. Anayezikumbuka enzi hizo kama zama za huduma ya umma nafuu asisahau kwamba bei nafuu ya kitu kisichopatikana haimsaidii mtu. Nasema hivi mapema kwa sababu ni kosa la upande ninaoupenda mimi mwenyewe.

Sheria za mwaka 1993 zililigawa shirika lile: Posta ikabaki peke yake, kampuni ya simu ya TTCL ikazaliwa, na msimamizi wa sekta akaundwa. Mwaka 1994 Mobitel ikaanzisha simu za mkononi, ikafuatwa na nyingine, Vodacom ikiwa ya mwaka 2000. Mwaka 2001 serikali iliuza asilimia 35 ya TTCL kwa wawekezaji wa nje. Mwaka 2003 ikaundwa TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano. Mwaka 2016 serikali ilizinunua tena zile asilimia 35 kutoka kwa Bharti Airtel, ambayo hisa hizo zilikuwa zimeifikia kwa kurithishana makampuni, na TTCL ikawa ya umma kabisa, ikiwaita wateja kwa kaulimbiu ya “Rudi nyumbani kumenoga”. Wateja waliorudi walikuwa wachache. Mwaka 2019 yakafikiwa makubaliano yaliyoifikisha sehemu ya serikali ndani ya Airtel Tanzania asilimia 49.

Kisha kuna Halotel, mfano ninaoupenda kuliko yote. Ilianza Oktoba 2015 kwa ahadi ya kupeleka mtandao kwenye vijiji ambavyo wengine waliviona havina faida. Wengi huitaja kama ushahidi kwamba sekta binafsi hufika pale serikali inaposhindwa. Mwenye Halotel ni Viettel, na Viettel ni kampuni ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam. Kwa hiyo mkulima aliyepata mtandao kwa mara ya kwanza kupitia laini ile alihudumiwa na serikali, ila si yake.

Sasa tushuke Mchombe. Kata hii iko kwenye njia ya Ifakara kwenda Mlimba, milima ya Udzungwa upande mmoja na mbuga ya mto Kilombero upande wa pili, na maisha yake ni mpunga. Kwa mchumi wa mawasiliano pana mambo mawili ya kuvutia. La kwanza ni kwamba watu wamejipanga kando ya barabara na reli, kwa hiyo mnara mmoja uliowekwa vizuri unahudumia wengi. La pili linaiharibu hesabu hiyo: msimu wa kilimo ukifika, kaya nyingi za bonde hili huhamia mashambani, mbali kule mbugani, na kukaa kwenye madungu kwa wiki au miezi, zikipanda na kufukuza ndege na ngedere. Watafiti wa malaria wa Ifakara walilitambua hilo zamani, kwa sababu mtu aliye dunguni yuko mbali na zahanati wakati mbu ni wengi. Watu wa takwimu za simu bado wanahesabu kwa kata na kijiji. Ramani itasema Mchombe ina mtandao, na itakuwa kweli, huku mama aliyeko shambani mwezi wa tatu na mtoto mwenye homa akitafuta kichuguu cha kupanda apate baa moja.

Tatizo la msingi linajulikana duniani kote. Gharama ya mnara haijali sana kama chini yake wanakaa watu mia tano au elfu hamsini, ila mapato yanajali. Kwa hiyo mtaji huanza mjini, hufuata barabara kuu, kisha husimama. Nchi zimejaribu njia tatu kubwa za kuusogeza. Ya kwanza ni ukiritimba wenye masharti: kampuni moja ihodhi soko lote, na faida ya mjini ilipie kijiji. Theodore Vail wa AT&T aliitetea kule Marekani kuanzia mwaka 1907, naye alikuwa akitetea pia tumbo la kampuni yake. Ya pili ni shirika la umma. Ya tatu ni mfuko: kila kampuni ichangie, kisha fedha zitolewe kwa mnada wa kinyume, ashinde anayeomba ruzuku ndogo kuliko wengine. Chile iliunda mfuko wenye mnada wa namna hiyo mwaka 1994 na ikaigwa kwingi.

Tanzania ilichagua mfuko. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, maarufu kama UCSAF, ulioanza kazi mwaka 2009. Mei 2023 jijini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 kwa ruzuku ya serikali. Ukisoma habari kama hiyo usiishie kwenye idadi. Uliza ruzuku ni ya kujenga tu au na ya kuendesha pia, maana mnara uliokosa dizeli ni chuma tu. Uliza makampuni mengine yanaruhusiwa kupachika mitambo yao hapo, au kijiji kimekabidhiwa kwa mwenye nyumba mmoja. Uliza pia kipimo ni mtandao wa kuongea au wa intaneti.

Mnara ukishasimama, inabaki bei, na hapa ndipo somo linapochangamka. Kwa muda mrefu Watanzania walitembea na laini mbili tatu, au simu ya laini mbili, na watu wa nje wakadhani ni mapenzi ya vifaa. Sababu ilikuwa gharama za mwingiliano, yaani kiasi ambacho mtandao mmoja huulipa mwingine kwa kila dakika ya simu inayovuka. Mtandao wenye wateja wengi ulinufaika kuvifanya vivuko viwe ghali, ili mteja aone hasara kuhama mtandao wa ndugu zake. TCRA ikazishusha kwa ratiba: kutoka shilingi 34.92 mwaka 2013, hadi 15.60 mwaka 2018, hadi 2.00 mwaka 2022. Serikali haikujenga chochote wala haikutoa ruzuku ya senti moja. Ilibadilisha namba kwenye waraka, na uzio ukapungua kimo. Katika kazi zote za serikali kwenye sekta hii, hiyo naiweka juu kabisa, na karibu hakuna mwanasiasa anayeitaja jukwaani, kwa kuwa haikatiwi utepe.

Kupanga bei za bando moja kwa moja kumekuwa na matokeo mengine. Baada ya malalamiko mengi ya wateja, kanuni mpya zilianza tarehe 2 Aprili 2021, zikiwa na bei elekezi ya kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Asubuhi ile watu walikuta bando zimepanda badala ya kushuka. Kelele zikawa kubwa, na serikali ikasitisha na kurudisha vifurushi vya siku iliyotangulia. Sura ya bei katika kitabu hiki inakaa sana kwenye tukio hilo. Kwa sasa shika moja: bei zilizokuwa chini ya kiwango cha chini zilikuwepo, watu walizitumia, na sheria iliyokuja kuwalinda iliwapandishia.

Msomaji aliyesoma vitabu vya Ulaya atauliza mikataba iko wapi. Huko mteja husaini miezi 24, hupewa simu, na hukatwa kila mwezi benki. Mkataba wa namna hiyo unahitaji mshahara, na Mchombe fedha nyingi huingia mara moja kwa mwaka, mpunga ukishavunwa. Kati ya hapo mtu hununua bando la siku, wakati mwingine la saa, au hukopa salio akatwe baadaye na riba juu, au hubipu tu. Bando dogo, kwa kila MB, ni ghali kuliko bando la mwezi ambalo mwalimu au karani wa Ifakara analimudu. Maskini analipa zaidi kwa sababu analipa kidogo kidogo, na hilo halionekani kwenye wastani wa bei unaochapishwa. Mkataba wenyewe umeingia kwa mlango mwingine: simu janja za mkopo, zinazolipiwa kila siku au kila wiki na kujifunga mlipaji akichelewa, zenye jumla inayozidi bei ya dukani. Mfumo wa malipo ya kila siku umewekwa juu ya mtu wa kipato cha msimu. Sijaona eneo linalohitaji watafiti vijana kuliko hilo.

Usije pia na imani kwamba simu yenyewe inatosha. Mwaka 2007 Robert Jensen alichapisha utafiti wa wavuvi wa Kerala, India, akaonyesha kwamba simu zilipofika, tofauti za bei ya dagaa kati ya fukwe zilipungua sana na samaki wa kutupwa wakaisha. Utafiti ule ni mzuri, na unanukuliwa kupita kiasi. Mvuvi aliye baharini na mashua yake anaweza kuigeuza aelekee soko lenye bei. Mkulima aliyekopa fedha za palizi kwa mnunuzi na kumuahidi magunia kabla ya kuvuna anaweza kuijua bei ya Dar es Salaam kila asubuhi, na isimsaidie lolote.

Na tozo? Julai 2021 serikali ilianza kutoza miamala ya fedha kwa simu kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi, kwa ahadi ya madarasa, barabara na vituo vya afya. Watu walirudi kubeba fedha mkononi na kuzituma kwa makondakta wa mabasi. Kiwango kilipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba, kikapunguzwa tena mwaka 2022, na bajeti ya 2023/24 ikaifuta tozo ya kutuma. Kabla ya hapo, mwaka 2013, kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ilipitishwa kisha ikaachwa. Uganda ilitoza shilingi 200 zake kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, na baada ya miaka mitatu ikahamishia kodi kwenye data. Wizara za fedha hazichoki kuijaribu simu kwa sababu ndiyo mashine pekee inayomfikia kila mtu, pamoja na yule asiye na duka wala risiti.

Msimamo wangu uko wazi, na si lazima uufuate. Sioni haja ya serikali kumuuzia mkulima bando. Naona haja ya serikali kulipia mnara ambao hesabu za kampuni zinaukataa, kusimamia vivuko kati ya mitandao, na kuamua mara moja kama simu ni hitaji la wote au ni starehe. Ushuru wa bidhaa ni ushuru uleule wa bia na sigara. Serikali inayotoa ruzuku ili Mchombe ipate mtandao, kisha ikamtoza mteja wa Mchombe kama mnywaji, inalipa kwa mkono mmoja na kukusanya kwa mwingine, na gharama ya kukusanya ikiwa juu yake.

Pa kuanzia, soma takwimu ambazo TCRA huzitoa kila robo mwaka, ukizilinganisha na Sheria za Fedha za mwaka huohuo. Utakuta, kwa mfano, kwamba mwaka 2021 simu janja ziliondolewa VAT ili zishuke bei, na mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa. Asilimia 18 ilibaki mikononi mwa nani mwaka ule, mnunuzi, muuzaji wa Ifakara au mwagizaji wa Kariakoo? Swali hilo linatosha tasnifu nzima, na ushahidi wake uko kwenye daftari za mauzo za maduka ambayo mengine bado yako wazi.